Hanuka Nyumbani: Mwongozo wa Jioni Nane, Kuanzia Kinara Hadi Sufuria ya Mafuta

Ukitafuta vitu vya Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya siku nane, kwenye maduka ya mtandaoni, utaletewa fulana, kofia, puto, vitambaa vya meza vya buluu, sahani za karatasi na taa za betri zenye umbo la nyota. Unaweza kumaliza pesa na jioni ya kwanza ikakukuta huna kile kitu kimoja ambacho sikukuu hii inakidai: moto mdogo, uliowashwa kwa wakati wake, mahali unapoonekana. Kwa hiyo mwongozo huu unaufuata huo moto. Kila kifaa, chakula na pambo nimekipima kwa swali moja: kinausaidia mwanga uonekane na watu wakae karibu nao, au kinausonga?

Nawaandikia Wayahudi wanaosoma Kiswahili, waliooa au kuolewa katika nyumba za Kiyahudi, walio katika safari ya kuipokea dini hiyo, na wageni walioalikwa ambao hawataki kukosea adabu.

Kinachokumbukwa

Mwaka 167 K.K. mfalme Antioko IV Epifane, mtawala wa Kiyunani aliyekuwa na makao yake Siria, alipiga marufuku Sabato, tohara na kusoma Torati, na Hekalu la Yerusalemu likatiwa unajisi kwa sadaka za miungu yake. Kuhani mzee wa kijiji cha Modini, Matathia, aliasi pamoja na wanawe watano. Alipofariki, mwanawe Yuda Makabayo akashika uongozi. Mwaka 164 K.K. walilitwaa Hekalu, wakabomoa madhabahu iliyonajisiwa, wakajenga mpya na kuitabaruku tarehe 25 ya mwezi wa Kisleu. Hii ndiyo Sikukuu ya Kutabaruku inayotajwa katika Yohana 10:22.

Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inaongeza habari ya mafuta: ilipatikana chupa moja tu yenye muhuri wa kuhani mkuu, ya kutosha siku moja, nayo ikawaka siku nane. Humo humo kuna mabishano ya shule mbili. Shule ya Shamai ilitaka tuanze na taa nane na kupunguza moja kila siku. Shule ya Hilel ilitaka tuanze na moja na kuongeza, kwa hoja kwamba katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki. Dunia nzima leo inafuata Hilel.

Hatua ya kwanza: kalenda

Hanuka huanza tarehe 25 Kisleu jua linapozama, na usiku hutangulia mchana, kama mwezi unavyoandama kwa msomaji wa pwani. Kwa kalenda ya kawaida tarehe huhama kila mwaka. Mwaka 2026 mshumaa wa kwanza ni Ijumaa jioni, 4 Desemba, na sikukuu inaisha Jumamosi 12 Desemba usiku unapoingia. Mwaka 2027 inaanza Ijumaa jioni, 24 Desemba.

Angalia vizuri mwaka 2026. Jioni ya kwanza na ya nane zote zinaangukia Ijumaa, na Ijumaa ina masharti yake. Ukinunua mishumaa ya kawaida ya Hanuka peke yake utakwama siku ya kufungua na siku ya kufunga. Nitalirudia jambo hili mbele.

Hatua ya pili: kinara

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchukua kinara cha matawi saba. Hicho ni mfano wa kinara cha Hekaluni, kinachoelezwa katika Kutoka 25, na ndicho kilicho katika nembo ya taifa la Israeli. Cha Hanuka, kinachoitwa hanukia, kina nafasi tisa: nane za jioni nane, na ya tisa ya shamashi, mshumaa mtumishi unaowasha wenzake.

Masharti yake si mengi. Taa nane ziwe katika mstari mmoja na kimo kimoja, zisiwe duara wala ngazi, ili mpita njia ahesabu mara moja ni jioni ya ngapi. Ziachane vya kutosha ili miali isishikane na mshumaa mmoja usiyeyushe wa pili. Shamashi itofautike, iwe juu zaidi, kando au mbele. Basi. Vinara vingi vya kupendeza vinavyouzwa, vyenye matawi yanayopanda na kushuka kama mawimbi, havitimizi sharti hilo la kimo. Kabla ya kulipa, kitazame kwa jicho la mtu aliye barabarani.

Huna hela ya kinara au hakipatikani uliko? Tengeneza. Njia ninayoipenda ni ya kigae na nati:

1. Chukua kigae cha sakafuni kilichobaki kwa fundi, chenye urefu wa sentimita 30 au zaidi. Kigae hakishiki moto, na nta hubanduka juu yake kwa urahisi.
2. Nunua duka la vifaa vya ujenzi nati ambazo tundu lake linauingiza mshumaa wako kwa kubana kidogo. Nenda na mshumaa mkononi, usikisie.
3. Gundisha nati nane kwenye mstari kwa gundi inayostahimili joto, ukiacha sentimita 3 kati ya moja na nyingine.
4. Pandanisha nati tatu pembeni. Hapo ndipo atakaposimama shamashi.

Watoto wanaweza kukipaka rangi kigae, lakini karatasi, pamba na gundi ya mapambo vikae mbali na matundu. Ubao peke yake sikushauri, kwa kuwa mshumaa wa mwisho ukiisha unaunguza hadi chini. Na ukishindwa vyote, panga kwa mstari ile mishumaa mifupi iliyomo ndani ya vikombe vya bati, weka mmoja juu ya glasi iliyogeuzwa uwe shamashi, nawe umeitimiza amri kikamilifu.

Taa za umeme zenye umbo la hanukia zinafaa kama tangazo dirishani au ofisini. Kwa marabi wengi haziwezi kusomewa baraka, kwa sababu hazina mafuta wala utambi unaoungua. Weka hiyo ya umeme ukitaka, kisha uwashe moto wa kweli pembeni.

Hatua ya tatu: mafuta au mishumaa

Mafuta ya zeituni ndiyo yanayopendelewa, kwa kumbukumbu ya chupa ya Hekaluni. Mimina kiasi katika vikombe vidogo vya glasi na uweke utambi wa pamba. Mafuta si lazima yawe ya daraja la chakula, lakini yawe yanawaka bila moshi mzito. Mishumaa ya nta inakubalika bila shaka yoyote.

Kipimo ni kuwaka angalau nusu saa baada ya giza kuingia. Mishumaa ya keki ya kuzaliwa haifiki hapo, iache. Mishumaa ya kawaida ya dukani, ile ya kukatika umeme, inafika na kupita. Kwa jioni zote nane, pamoja na shamashi wa kila siku, utahitaji mishumaa 44. Ongeza michache kwa inayovunjika.

Na tukitaja kukatika umeme: mwanga wa Hanuka hairuhusiwi kuutumia. Husomei kitabu, huhesabii pesa, huupeleki jikoni kutafutia chumvi. Ni wa kutazamwa tu, na ndiyo sababu shamashi yupo, ili mtu akinufaika na mwanga iwe ni kwa huyo mtumishi. Kwa nyumba zetu ambazo umeme huondoka bila kuaga, weka tochi au taa ya sola karibu kila jioni, usijikute unaishi kwa mwanga ambao si wako kuutumia.

Hatua ya nne: mahali

Desturi ya kale ni kuweka taa nje ya mlango unaotazama barabara, upande wa kushoto wa anayeingia, ili mezuza, kijikasha cha maandiko kwenye mwimo wa mlango, iwe kulia kwake na taa kushoto. Mjini Yerusalemu bado utaona visanduku vya kioo vimetundikwa nje ya nyumba kukinga upepo. Kwingine, watu wengi huweka dirishani. Kimo kizuri ni kati ya sentimita 30 na 80 hivi kutoka sakafuni. Dirisha likiwa juu zaidi, chagua dirisha. Taa isizidi takriban mita 9 na nusu juu ya barabara, maana jicho la mpita njia halifiki huko. Anayeishi ghorofa za juu awashe penye watu wa nyumba kuiona, au mlangoni kwenye korido.

Kusudi la haya yote ni kuutangaza muujiza. Lakini sheria yenyewe inasema kwamba wakati wa hatari mtu aweke taa mezani, ndani, na inatosha. Sentensi hiyo fupi imebeba karne nyingi za woga. Waabayudaya, Wayahudi wa mashariki mwa Uganda karibu na Mbale, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku kufuata dini yao chini ya Idi Amin na wengine wakaishika kwa siri. Anayewasha leo dirishani pasipo hofu ajue kwamba dirisha hilo ni neema.

Upande wa usalama, funga mapazia kando kabisa, weka sinia ya chuma au kigae chini ya kinara, na mtu mzima asiondoke chumbani. Upepo wa dirisha lililo wazi unaangusha mshumaa haraka kuliko mtoto.

Hatua ya tano: kuwasha

Nairobi na Dar es Salaam jua la Desemba huzama karibu saa 12 na nusu jioni, na giza hufuata upesi. Yerusalemu wakati huo huo wa mwaka huzama karibu saa 10 na nusu alasiri. Ratiba uliyoipakua ya Israeli au ya Marekani haikufai. Wapo wanaowasha jua likizama na wapo wanaosubiri nyota. Fuata jumuiya yako. Ukichelewa kazini, washa utakapofika, maadamu kuna mtu macho nyumbani.

Mishumaa hupangwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Jioni ya kwanza ni mmoja, upande wa kulia kabisa ukiwa umekielekea kinara. Ya pili unaongeza wa kushoto yake, na kuendelea. Kuwasha ni kinyume: unaanza na mpya, yaani wa kushoto zaidi, ukielekea kulia. Washa shamashi kwanza, mshike mkononi, soma baraka kwa sauti, ndipo uwashe.

Baraka ya kwanza:

*Barukh ata Adonai, Eloheinu melekh ha-olam, asher kidshanu bemitsvotav vetsivanu lehadlik ner shel Khanuka.*

Umehimidiwa ewe Bwana, Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru kuwasha taa ya Hanuka.

Ya pili inaanza vivyo hivyo hadi *ha-olam*, kisha:

*she-asa nisim la-avoteinu bayamim hahem bazman haze.*

Uliyewafanyia baba zetu miujiza, siku zile, majira haya.

Jioni ya kwanza pekee, au siku ya kwanza unayowasha mwaka huo, ongeza ya tatu, nayo inaanza vivyo hivyo hadi *ha-olam*, kisha:

*shehekheyanu vekiyemanu vehigianu lazman haze.*

Uliyetupa uhai, ukatutunza na kutufikisha majira haya.

Mshumaa wa kwanza ukishashika, wengi husoma au kuimba *Hanerot halalu*, maneno yanayosema kwamba taa hizi ni takatifu na hatuna ruhusa ila kuzitazama. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, huendelea na wimbo *Maoz Tsur*; Wasefardi, wenye asili ya Hispania, na jumuiya nyingi za Mashariki husoma Zaburi ya 30. Katika nyumba za Kiashkenazi kila mtu anaweza kuwa na kinara chake, hata mtoto. Kwa Wasefardi kimoja huwatosha wote. Msibishane mezani juu ya hili. Mila ya nyumba ndiyo inayoongoza.

Mshumaa ukizimika wenyewe umeshatimiza amri, maana amri ni kuwasha. Ni vizuri kuuwasha tena, bila baraka.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa taa za Hanuka huwashwa kabla ya mishumaa ya Sabato, na yote hukamilika kabla jua halijazama. Kwa Nairobi panga kuanza saa 12 kamili jioni. Kwa kuwa umewasha mapema na bado lazima ziwake nusu saa ndani ya giza, unahitaji kitu cha kudumu saa moja na nusu au zaidi: mafuta mengi, mishumaa mirefu, au ile ya vikombe vya bati ambayo hukaa saa kadhaa. Sabato ikiingia hugusi tena. Iliyozimika imezimika, na kinara hakihamishwi. Kwa hiyo mahali pawe salama tangu mwanzo.

Jumamosi kazi ya kupanga mishumaa inasubiri Sabato itoke. Nyumbani wengi hufanya kwanza Havdala, ibada ya kuiaga Sabato, kisha huwasha. Jioni ya pili ya 2026 itakuwa hivyo.

Ile nusu saa

Hapa ndipo sikukuu ilipo, na hapa ndipo nyumba nyingi zinaipoteza kwa kukimbilia jikoni. Desturi ya kale ni wanawake kutofanya kazi za nyumbani taa zinapowaka, kwa heshima ya wanawake walioshiriki ukombozi ule. Naomba wanaume nao wakae. Zima televisheni, weka simu chini, vuta viti.

Mchezo wa saa hiyo ni wa pia, kile kichezeo cha kuzungushwa, yenye pande nne. Kila upande una herufi ya Kiebrania: nun, gimel, he na shin, vifupisho vya maneno yanayosema "muujiza mkubwa ulitokea kule". Zile pia zinazotengenezwa Israeli huwa na pe badala ya shin, kwa maana ya "hapa". Kila mchezaji anapewa idadi sawa ya karanga, korosho au sarafu za chokoleti, na anaweka moja katikati. Unazungusha kwa zamu. Ikiangukia nun hupati kitu, gimel unachukua zote, he unachukua nusu, shin au pe unaongeza moja katikati. Chungu kikiisha kila mtu anaweka tena moja. Aliyekwisha vitu vyake anatoka.

Zawadi za vifurushi kila jioni ni mtindo wa karibuni, uliokua zaidi Marekani kwa kuishi jirani na Krismasi. Desturi yenye mizizi zaidi ni kuwapa watoto hela, na kuwafundisha kutenga sehemu ya sadaka. Maimonides, rabi mkuu wa karne ya 12, aliandika kwamba hata anayeishi kwa sadaka aombe, au auze vazi lake, apate mafuta ya kuwashia. Basi kumnunulia jirani mhitaji paketi ya mishumaa ni zawadi inayoifaa sikukuu kuliko mdoli.

Jikoni

Chakula cha Hanuka ni cha kukaangwa, kwa ajili ya mafuta yale. Latke za Ulaya Mashariki ni chapati ndogo za viazi. Kwa watu wanne hadi sita: viazi kilo 1, kitunguu kikubwa 1, mayai 2, unga vijiko 3 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga.

Kwaruza viazi na kitunguu pamoja, maana kitunguu hupunguza viazi kugeuka rangi. Funga kwenye kitambaa safi na ukamue maji yote juu ya bakuli, kwa nguvu, mara mbili. Acha maji hayo yatulie dakika tano, yamwage polepole, kisha chukua ule wanga mweupe ulioganda chini uurudishe kwenye viazi. Huo ndio unaozishika latke, na ndio unaozifanya ziwe kavu nje. Changanya na vingine. Pasha mafuta ya kina cha nusu sentimita hadi uzi mmoja wa kiazi uchemke papo hapo, weka kijiko kimoja kimoja, bapiza, kaanga dakika tatu hadi nne kila upande. Usijaze kikaango. Huliwa na tufaha zilizopikwa na kupondwa, au krimu chachu.

Sufganiyot ni donati za jamu, maarufu Israeli. Kanda unga gramu 500, sukari gramu 60, hamira kavu kijiko 1 cha chakula, viini 2 vya mayai, siagi gramu 50, chumvi kidogo na maziwa vuguvugu kama mililita 230. Acha uumuke saa moja na nusu, sukuma unene wa sentimita 1 na nusu, kata miduara, acha tena nusu saa, kaanga kwa moto wa wastani, kisha ingiza jamu kwa bomba la kupambia keki. Wayahudi wa Moroko hukaanga sfenj, za unga, maji, chumvi na hamira tu, laini za kunata mikononi, zinazovutwa ziwe pete.

Nyama na maziwa havikai pamoja katika chakula cha kosher, yaani kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi. Kama usiku huo kuna kuku au nyama, krimu isiguse meza, na donati zipikwe kwa maji na majarini isiyo na maziwa.

Mapambo na mavazi

Hakuna amri ya kupamba, kwa hiyo pamba kwa uhuru na kwa kiasi. Buluu na nyeupe ni mazoea ya kisasa, na kitenge au kanga yenye rangi hizo hupendeza mezani kuliko plastiki. Minyororo ya karatasi, nyota za Daudi na herufi za pia vitundikwe ukuta wa upande wa pili, mbali na dirisha la kinara, ili visishike moto na visishindane nacho. Taa za rangi zinazomemeta kwenye dirisha hilo hilo sikubaliani nazo kabisa: mpita njia hawezi tena kuhesabu mishumaa. Mavazi ni ya furaha tu, ila mikono mipana na mitandio inayoning'inia ifungwe kabla ya kuwasha.

Ukialikwa

Salamu ni *Khag Khanuka sameakh*, sikukuu njema ya Hanuka. Usipeleke chakula ulichopika. Peleka maua, matunda mazima au mishumaa. Usizime taa kwa kupuliza hata ukiwa umekaa hadi mwisho. Ijumaa usiku usipige picha. Ukitaka kuona sherehe ya jumuiya, Nairobi kuna sinagogi pembeni ya University Way na Uhuru Highway, na Mbale kuna Waabayudaya. Wasiliana nao siku kadhaa kabla, usijitokeze tu mlangoni.

Baada ya jioni ya nane

Kinara cha chuma kisafishe kwa kukimwagia maji ya moto juu ya beseni, kamwe si kwenye sinki, kwa kuwa nta huganda ndani ya bomba. Cha kigae kiweke kwenye friji saa moja, nta itabanduka kwa kisu butu. Nta kwenye kitambaa: ikwangue ikishakuwa ngumu, kisha pitisha pasi ya moto juu ya karatasi isiyo na maandishi.

Mafuta na tambi zilizobaki vikombeni baada ya jioni ya mwisho havirudi jikoni. Vilikwisha kutengwa kwa ajili ya taa, hivyo huchomwa. Mafuta yaliyobaki ndani ya chupa ni yako, pikia.